Siku Thelathini na Nane za Mzee Ambakisye

1

Mzee Ambakisye Mwaisumo alifika kituoni Jumatatu asubuhi, koti lake la mvua likichuruzika maji sakafuni, akasema amekuja kulalamika. Sista Bupe, muuguzi wa zamu, alimvutia kiti. Hakukaa.

"Nimefiwa na mke wangu," alisema. "Leo ni wiki tatu na siku mbili. Hilo mnalijua, mlikuja kuzika. Sasa kila nikitulia kumwaza, napata siku za mwisho tu. Namwona kitandani, namwona kwenye jeneza. Nikimtafuta Subilaga msichana, simpati. Tumeishi miaka arobaini na sita, sista. Jana nimemwuliza jirani nilifunga ndoa kanisa gani."

"Pole, baba. Huzuni hufanya hivyo. Akili inajifunga kidogo, baadaye inafunguka."

"Huzuni naijua. Nimezika wazazi, nimezika watoto wawili." Alivua kofia yake ya sufu, akaikamua maji pale pale. "Mimi nilikuwa fundi redio. Redio iliyochoka inakoroma. Redio iliyokatika waya inanyamaza. Huku ndani hapakoromi. Pamenyamaza."

Sista Bupe alimtazama, kisha akainua simu na kumwita mhandisi wa ghorofa ya juu.

Mhandisi huyo aliitwa Tusekile Mwakabungu. Alikuwa na miaka thelathini na minne, na ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya Tabaka, mfumo wa mafaili uliokuwa ukifanya kazi nyuma ya sikio la Mzee Ambakisye na la watu wengine mia mbili na kumi na watatu waliotibiwa katika kituo kile cha Tukuyu. Wote walikuwa wamepona homa ya usahaulifu iliyopita miaka kumi na moja nyuma. Homa iliwaacha na akili timamu, lakini hawakuweza kushika jambo kwa zaidi ya robo saa, na ya zamani nayo yalikuwa yakimomonyoka. Hivyo kila mmoja alipandikizwa kitunzi, kifaa kidogo kama punje ya haragwe, kikayaokoa yale ya zamani na kuanza kushika mapya.

Tabaka ulijengwa juu ya kanuni moja: usiandike juu ya kilichoandikwa. Mtu akikumbuka jambo, jambo lenyewe hubadilika kidogo. Kila mtu aliyewahi kusimulia hadithi mara mbili anajua hivyo. Mfumo uliokuwepo kabla ya Tabaka ulifuta la zamani na kuweka jipya mahali pale pale, na umeme ukiyumba katikati ya kazi, mtu alipoteza yote mawili. Tabaka ulichukua kile kipande kilichobadilika tu, ukakiandika mahali papya, ukahakikisha kimekaa sawa, ndipo ukahamisha kielekezi, ile alama inayoonyesha kipande kilipo, kutoka cha kale kwenda kipya. Vipande visivyobadilika havikunakiliwa. Kumbukumbu ya zamani na mpya zilivitumia kwa pamoja, na ndiyo maana punje ya haragwe iliweza kubeba maisha ya mtu mzima.

Kila kipande kilikuwa na hesabu yake: kumbukumbu ngapi bado zinakihitaji. Hesabu ikifika sufuri, programu waliyoiita mfagiaji, ambayo hufanya kazi mwenye kitunzi akiwa usingizini, ilikiondoa ili kupata nafasi.

Tusekile alishuka na kompyuta yake, akamwomba mzee akae, akabandika kisomeo nyuma ya sikio lake. Safari hii mzee alikaa. Kwenye skrini ulifunguka mti wa vipande vyake, maelfu kwa maelfu, rangi ya kijani. Katikati palikuwa na matundu. Yalikuwa madogo, yametawanyika, lakini yakizidi kadiri mti ulivyorudi nyuma kwenye miaka ya ujana.

Kila kitunzi pia kilihifadhi taswira moja, yaani sura kamili ya mti kama ulivyokuwa siku programu ilipobadilishwa mara ya mwisho. Tusekile aliifungua taswira ya mzee. Ilikuwa ya siku thelathini na tatu zilizopita, na haikuwa na tundu hata moja. Vipande vyote vilivyokosekana kwenye mti wa leo vilikuwepo pale.

"Unaona nini, mwanangu?" aliuliza mzee.

"Bado naangalia, baba."

Huo ulikuwa uongo. Alikuwa ameshaona. Siku thelathini na tatu zilizopita ndiyo siku aliyosambaza mfagiaji mpya.

Vitunzi vilikuwa vinajaa, na mfagiaji wa zamani alikuwa mzito. Tusekile aliandika mwingine mwenye kasi mara nne zaidi. Kasi hiyo aliipata kwa kumfanya asipunguze hesabu moja moja, bali azikusanye na kuzipunguza kwa mkupuo karibu na alfajiri. Sasa, akiusoma upya msimbo wa programu yake huku mzee akisubiri kwenye kiti, aliuona mstari wenyewe. Mtu akiota jambo lile lile mara mbili katika usingizi mmoja, hesabu iliongezwa mara moja na kupunguzwa mara mbili. Kipande ambacho bado kilihitajika kilionekana takataka, kikafagiwa.

Alikuwa amemjaribu mfagiaji yule kwa usingizi wa kuigiza mara elfu kumi kabla ya kumsambaza. Walalaji wake wa kuigiza waliota shamba, mvua, safari, shule. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amefiwa, akaota jambo moja usiku kucha.

2

Kabla ya chakula cha mchana alikuwa amemsimamisha mfagiaji kwenye vitunzi vyote. Upotevu ulikoma, lakini likazuka jingine: bila mfagiaji hakuna nafasi, na bila nafasi kitunzi kingejaa katika siku sita. Kikijaa, mwenye nacho asingeweza kushika jambo jipya kwa zaidi ya robo saa.

Siku mbili hakutoka kituoni ila kwenda kuoga. Aliandika mfagiaji wa tatu, wa polepole, anayehesabu kila kielekezi mara mbili kabla ya kugusa chochote. Hiyo ilikuwa kazi nyepesi, ingawa kitunzi hakikuwa na nafasi ya kumpakia pamoja na taswira ile ya kale. Kazi ngumu ilikuwa kuyarudisha yaliyopotea. Alijaribu kuvichukua vipande kutoka kwenye taswira na kuvipachika kwenye mti wa leo, kwanza kwenye mfano wa kompyuta. Haikuwezekana. Katika wiki zile tano watu walikuwa wamekumbuka, na kila walipokumbuka mfumo ulikuwa umenakili pamoja na tundu lake, na juu ya nakala hiyo umeandika nyingine. Alipopachika kipande cha kale, mfano ulipata harusi mbili zisizofanana, ukashindwa kuchagua, ukazitupa zote.

Kuitoa taswira na kuihifadhi kwenye kompyuta ya nje kusingewezekana pia. Sheria iliyopitishwa mara tu baada ya homa ilikataza kumbukumbu ya mtu kutoka nje ya fuvu lake, na vitunzi vilitengenezwa hivyo, vilisomeka, havikunakilika.

Zikabaki njia mbili. Kumrudisha mtu kwenye taswira yake, apate maisha yake yote yakiwa mazima lakini apoteze kila kilichotokea tangu siku ile. Au kuifuta taswira ili kupata nafasi, abaki na wiki zake tano, na matundu yasizibike tena.

Jumatano asubuhi alimweleza haya Daktari Gwamaka Kasebele, mkurugenzi wa kituo. Daktari Gwamaka hakuwa mtu mbaya. Wakati wa homa alilala kwenye wodi zile zile na wagonjwa, na wengi mjini walimheshimu kwa sababu hiyo. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza maswali matatu ya maana, kisha akasema:

"Tutawarudisha wote Jumamosi. Waite kwa matengenezo ya kawaida."

"Na tuwaambie nini?"

"Matengenezo ya kawaida."

"Daktari, watapoteza siku thelathini na nane."

"Wataamka wazima. Ndugu zao tutawaambia ni athari ya matengenezo, itakuwa kweli kiasi. Tukianza kuwatangazia kwamba vitunzi vimetoboka, watu mia mbili na kumi na wanne watakaa usiku na mchana wakipekua vichwani mwao wanatafuta tundu. Umeniambia mwenyewe, kila wanapokumbuka nafasi inapungua. Hizo siku zilizobaki zitakuwa tatu. Zitakuwa mbili."

"Tuwaulize basi. Wapo watakaotaka kubaki."

Daktari Gwamaka alivua miwani. "Utamwuliza nani, Tusekile? Fikiri vizuri. Huyo utakayemwuliza leo, akikubali, Jumamosi utamfuta pamoja na jibu lake. Atakayeamka hatajua kama aliulizwa. Sasa unauliza ili nani apate nafuu? Yeye, au wewe?"

Alitoka na swali lile. Na kilichomsumbua zaidi, akishuka ngazi, ni kwamba moyo wake ulikuwa umepata nafuu kweli. Jumamosi kosa lingetoweka. Hata Mzee Ambakisye asingejua kwamba aliwahi kuja kulalamika. Duniani kote pangebaki watu wawili wanaoujua ule mstari, na mmoja wao angekuwa yeye mwenyewe. Aliionja ile nafuu kwa muda wa ngazi kumi na tano, kisha ikamchukiza, akaenda kuchukua mwavuli.

3

Nyumba ya Mzee Ambakisye ilikuwa mwisho wa barabara ya udongo, ikipakana na mashamba ya chai. Mzee alikuwa jikoni akichemsha maji. Alimkaribisha sebuleni, akamletea chai isiyo na sukari, akaomba radhi: sukari hajui Subilaga alikuwa anaiweka wapi, na kila siku anasahau kununua nyingine.

Tusekile alimweleza yote. Alikuwa amejipanga aanze na mfumo, vipande na hesabu zake, lakini alipofungua mdomo alianza na ule mstari.

"Uliandika wewe?" aliuliza mzee.

"Mimi, baba."

"Na wenzako?"

"Waliusoma wakaupitisha. Lakini kuandika niliandika peke yangu."

Mzee alikunywa chai yake. Nje mvua ilipiga mabati kwa nguvu, ikapungua, ikarudi tena.

"Niliwahi kuunguza redio ya mwalimu mmoja," alisema. "Niligusisha waya mbili zisizogusana. Ningeweza kumwambia imekufa yenyewe, yeye angejuaje? Nikamwambia nimeiua mimi. Alinitukana sokoni mbele ya watu." Akamtazama. "Wewe unataka nikutukane?"

"Ukitaka, baba."

"Sina nguvu hizo leo. Niambie tena, polepole. Nikibaki nilivyo, nabaki na nini?"

"Unabaki na mwezi huu wote. Ugonjwa wa mama, msiba, maziko. Ya zamani yaliyotoboka hayatarudi. Hayataongezeka, lakini hayatarudi."

"Nikirudishwa?"

"Utayakumbuka yake yote. Tangu mlipoonana hadi siku ya taswira."

"Siku hiyo alikuwa hajaanza kuumwa."

"Hajaanza."

"Kwa hiyo nitaamka nikijua yuko nyumbani."

"Ndiyo, baba."

Mzee aliweka kikombe chini taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mwingine. "Nani ataniambia?"

Tusekile hakuwa amelifikiria swali hilo. Alilijibu kabla ya kulifikiria. "Nitakuambia mimi."

Baadaye mzee alianza kusimulia wiki zile tano, bila kuulizwa, kwa sauti ya mtu anayehesabu vyombo kabla ya kuhama. Subilaga aliugua siku kumi. Homa ya mapafu, na hospitali walifanya walichoweza, kisha akaomba arudishwe nyumbani. Alimlisha uji kwa kijiko. Alimwosha miguu, jambo ambalo katika miaka yote hiyo hakuwahi kulifanya, na mke wake alimcheka akisema ana mikono ya fundi, anaosha kama anakaza skrubu.

"Na kuna neno aliniambia," alisema. "Siku mbili kabla hajafa. Aliniomba nisilitamke popote, kwa mtu yeyote. Nikamwahidi. Nikirudi, hilo nalo linakwenda."

"Unaweza kujiandikia. Utajirekodi ujumbe, na ukiamka..."

"Kuliandika ni kulitamka, mwanangu."

Hakumjibu siku ile. Alisema anahitaji kulala nalo. Alipokuwa akimsindikiza mlangoni aliuliza kama wenzake wote wanaulizwa hivi, na Tusekile akamwambia ukweli: hapana, hata yeye hakupaswa kuulizwa.

"Basi rudi ukawaulize," alisema mzee. "Mimi siwezi kuwa mtu wa pekee anayejua. Nitakuwa kama mchawi."

Tusekile alirudi kituoni jioni ile, akamwambia Daktari Gwamaka alikotoka. Daktari alikasirika hadi sauti ikamkauka. Alimwondoa kwenye uongozi wa mfumo pale pale, mbele ya katibu wake. Lakini mtu mmoja alikuwa ameshajua, na Tukuyu si mji mkubwa; kuficha hakukuwezekana tena. Alhamisi na Ijumaa wauguzi walipiga simu na kwenda majumbani. Watu walilia, walitukana, wengine walitaka kwenda mahakamani, na Daktari Gwamaka alisema kweli kuhusu nafasi: vitunzi kadhaa vilijaa siku moja kabla ya wakati, na wenye navyo walikaa kwenye korido ya kituo wakiuliza swali lile lile kila baada ya robo saa, hadi ndugu zao walipochagua kwa niaba yao. Tusekile alipita kwenye korido ile mara nyingi. Alijua kwamba angenyamaza, hawa wasingekaa pale.

Mwishowe watu mia moja na hamsini na tisa walikubali kurudishwa. Hamsini na watano walikataa. Mama mmoja aliyejifungua katika wiki ya tatu kati ya zile tano alikataa kabla muuguzi hajamaliza swali.

Mzee Ambakisye alikuja mwenyewe Ijumaa mchana.

"Miaka arobaini na sita kwa wiki tano," alimwambia Tusekile. "Hata mtoto anajua upande upi unalemea. Rudisha." Kisha akaongeza, "Lakini usijidanganye kwamba unanifanyia jambo dogo. Mtu anayeongea na wewe hapa ndiye unayemwondoa."

Alirekodi ujumbe. Alikaa mbele ya kamera na kofia yake mapajani, akaongea kwa dakika kumi na moja, na alikataa kuusikiliza baadaye.

4

Jumamosi saa mbili asubuhi mzee alifungua macho katika chumba cha kituo. Tusekile alikuwa amekaa kando ya kitanda, na Sista Bupe amesimama dirishani.

"Mvua hii haijakatika tu?" alisema mzee. Alijinyoosha. Uso wake ulikuwa mwepesi kuliko Tusekile alivyowahi kuuona. "Mmenimaliza? Niwahi nyumbani. Subilaga amesema leo atapika ndizi, na ukichelewa anakula na majirani."

Tusekile alikuwa ameyafanyia mazoezi maneno yake. Yote yalimtoka akilini.

"Baba," alisema. "Mama Subilaga amefariki."

Mzee alimtazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu aliyekosea nyumba. "Subilaga Mwaisumo? Hapana, binti. Unamsema mwingine. Jana tumekula pamoja."

"Siyo jana, baba. Ni siku thelathini na nane zilizopita. Amefariki Jumamosi, leo ni wiki nne. Homa ya mapafu. Wewe ulimzika."

Akamgeukia Sista Bupe. Sista Bupe alikuwa amefunika mdomo kwa mkono, na mzee akalisoma lile jambo usoni mwake.

Hakupiga kelele. Alianza kuuliza maswali, moja baada ya jingine, haraka: aliugua lini, nani alikuwepo, kwa nini hakupelekwa hospitali, kwa nini alitolewa hospitali. Tusekile alijibu aliyoyajua. Kisha akamweleza kuhusu mfagiaji, na mstari, na Jumatano, na chai isiyo na sukari. Mzee alikuwa haelewi, au alielewa na hakutaka. Ndipo Tusekile akamwonyesha ujumbe.

Kwenye skrini mzee yule mwingine alivuta pumzi. Alisema jina lake. Alieleza ugonjwa siku kwa siku, na waliokuja, na kaburi liko upande gani. Alieleza kuhusu kuosha miguu. Sehemu hiyo aliirudia mara mbili, kwa maneno tofauti, kama anatafuta yatakayoshika. Mwisho akasema: "Kuna neno alikuambia kabla ya kufa. Sikuliweka hapa, kwa sababu nilimwahidi. Usilitafute. Usimwulize mtu, hakuna anayelijua. Nisamehe."

Skrini ikazima. Mzee Ambakisye aliendelea kuitazama.

"Huyu ni nani?" aliuliza.

"Ni wewe, baba. Jana."

"Mimi simjui." Aliisukuma skrini mbali. "Mimi nisingekubali. Alikaa na mke wangu akifa, akamlisha, akamsikia, kisha akala yote akaniachia ganda! Nani alimpa ruhusa? Nani alimwambia anaweza kunikubalia mimi?"

"Nilimwuliza mimi."

"Ulimwuliza yeye! Mimi umeniuliza lini?"

Tusekile alikumbuka miwani ya Daktari Gwamaka juu ya meza, na swali lake. Alitaka kusema kwamba ule mstari ulikuwa kosa lake lakini kuuliza hakukuwa kosa. Badala yake alipiga magoti pale kando ya kitanda, kama mwanamke wa Kinyakyusa anavyomwomba radhi mkubwa wake.

"Nisamehe, baba."

"Nipelekeni nyumbani," mzee alimwambia Sista Bupe. Hakumtazama Tusekile tena.

5

Sista Bupe ndiye aliyempigia simu saa sita mchana. Mzee amefika kwake, alisema, amefungua mlango, amepita vyumba vyote, kisha ametoka nje na kusimama uani kwenye mvua. Anauliza watu wako wapi.

"Watu gani?"

"Wa msiba, Tusekile. Anasema mke wake amekufa na hakuna mtu hata mmoja uani kwake. Anauliza amewakosea nini majirani."

Tusekile alikwenda. Hakwenda kwa mzee. Alikwenda nyumba ya jirani, kwa Mama Lusajo, mwanamke wa makamo aliyeendesha jiko la msiba ule wiki nne nyuma. Alimweleza. Mama Lusajo alisikiliza akiwa amesimama mlangoni, khanga amejifunga kifuani, bila kumkaribisha ndani.

"Wewe ndiye mhandisi mwenyewe," alisema.

"Ndiye mimi, mama."

"Na sasa unataka tukalie tena."

"Hakuwepo, mama. Kwake yeye amefariki leo asubuhi."

"Alikuwepo. Mimi nilimshika mkono." Mama Lusajo alitikisa kichwa. "Msiba haurudiwi, binti. Tulishafagia uwanja, matanga yamekwisha. Ukilia mara mbili kwa mtu mmoja, kifo kinadhani umekiita. Wakubwa hawatakubali."

"Sijaja kwa wakubwa. Nimekuja kwako."

Mama Lusajo alitazama kuelekea uwanja wa jirani yake. Kutoka pale mlangoni walimwona mzee, amesimama bila kofia, mikono imelegea, akitazama njia ambayo watu walipaswa kuja nayo. Alikuwa ametoa viti vya ndani mwenyewe, vinne, akavipanga nje. Vilikuwa vinalowa.

"Mungu wangu," alisema Mama Lusajo kwa sauti ndogo. Akaingia ndani. Alipotoka alikuwa amebeba sufuria kubwa kichwani na mkungu wa ndizi mkononi, akampa Tusekile ule mkungu. "Chukua. Visu viko jikoni kwake, droo ya chini."

Hawakuja wengi. Walikuja wanawake saba, na wanaume watatu, na mmoja wao alikaa mbali karibu na uzio, kuonyesha kwamba yupo lakini hashiriki. Mchungaji alituma salamu, hakuja. Walivihamishia viti barazani, wakatandika mikeka sebuleni, wakawasha moto. Kwa muda palikuwa na aibu. Hakuna aliyejua aanzeje. Kisha Mama Lusajo alimwendea mzee, akamshika mikono yote miwili, akasema, "Pole, baba. Ndaga fijo, pole sana. Tumesikia, tumekuja," kama mtu aliyesikia saa hiyo hiyo, na wengine wakafuata mmoja mmoja, wakasema pole kwa zamu.

Tusekile alikaa jikoni akimenya ndizi. Mlango ulikuwa wazi, na aliweza kusikia. Mzee alikuwa anauliza, nao wanamjibu. Nani alichimba kaburi? Vijana wa kwaya, baba, mvua iliwasumbua, ilibidi wachote maji kwa ndoo. Alivikwa nini? Gauni la bluu, lile la Pasaka, ulilichagua wewe. Waliimba nini? Wakamwimbia, kwa sauti za chini, ubeti mmoja, kisha wa pili. Mtu alikumbuka kwamba jeneza lilikwama mlangoni ikabidi waligeuze, na mwingine akasema siyo mlangoni, ni kwenye ngazi, wakabishana kidogo. Mzee aliwasikiliza wote wawili.

"Na mimi?" aliuliza baadaye. "Mimi nilikuwaje?"

Wanawake walimtazama Mama Lusajo.

"Nililia?"

"Hukulia, baba," alisema Mama Lusajo. "Ulisimama wima toka asubuhi hadi tuliporudi makaburini. Tulikuogopa. Nilikuambia lia, ukaniambia utalia ukipata nafasi."

Tusekile aliacha kumenya. Nje barazani moto ulikuwa ukipasuka. Kisha mzee alianza, kwanza kama mtu anayekohoa, halafu kwa sauti kubwa isiyozuilika, akimwita mke wake kwa jina lake la usichana. Wanawake saba walipaza sauti pamoja naye. Yule mwanaume wa karibu na uzio aliinuka, akaja, akaketi chini pamoja na wenzake.

Mama Lusajo aliingia jikoni macho yamelowa, akatazama sufuria.

"Hazitoshi," alisema. "Ongeza nyingine. Leo watu watalala hapa."